Kipande cha chuma cha Saanane: ndege ya Libya ya mwaka 1979 ilikuwa ya aina gani, na ilishindwaje kuyapiga matangi ya mafuta?

Kirumba_Kwetu

Wanajukwaa, habari za jioni. Nimezaliwa na kukulia Kirumba, Mwanza. Nyumbani kwetu kuna kipande cha chuma ambacho tangu nipate akili nimekikuta kikizuia mlango wa jikoni usijibamize kwa upepo wa ziwa. Babu mzaa mama alikuwa mvuvi. Alituambia alikiokota kisiwani Saanane siku chache baada ya ndege ya Gaddafi kuja kutushambulia mwaka 1979, wakati wa vita vya Kagera. Babu ametangulia mbele ya haki, na mama alikuwa mdogo wakati ule. Anachokumbuka ni kishindo, na kuku waliokimbilia uvunguni.

Wiki iliyopita alipita kijana anayenunua chuma chakavu, akataka kukipima kilo. Mama akakataa katakata. Ndipo na mimi nikaanza kukitazama upya. Urefu wake ni kama shubiri moja. Unene ni wa kidole changu cha mwisho, ila upande mmoja ni mnene zaidi. Ni kizito kuliko unavyotegemea ukikiona. Kimejipinda kidogo kama kigae cha mtungi, kingo zimechanika vibaya, na mtu akikishika bila kuangalia anajikata.

Ninachotaka kujua: ndege ile ilikuwa ya aina gani na ilikuwa inabeba nini? Nasikia ililenga matangi ya mafuta mjini. Sasa ilikosaje kitu kikubwa vile, ikaenda kuua wanyama kisiwani? Na hiki chuma kinaweza kweli kuwa cha siku ile, au babu alitupa hadithi tu? Naomba majibu ya mtu anayejua.

MtuWaPwani

Mkuu, usije ukaumia moyo, lakini chuma cha namna hiyo hata gereji za Makoroboi utakipata. Springi ya lori ikikatika inaonekana hivyo hivyo. Wazee wetu walipenda kutunza vitu na kuvipa historia. Lete picha tuone.

Fundi_Silaha_Mstaafu

Kirumba, mwanangu, kabla sijajibu lolote: usikigonge kwa nyundo, usikipige tupa, usikiweke karibu na moto, mpaka umekiangalia vizuri kwenye mwanga wa jua. Angalia kama mahali popote pamegandamana kitu mfano wa nta au sabuni kavu, cha njano au kahawia. Ukikiona, kiache pale pale, watoto watoke, na uite polisi. Kama ni chuma kitupu pande zote, endelea kusoma.

Mimi nilikuwa fundi wa silaha za ndege jeshini. Niliingia baada ya vita vile kwisha, kwa hiyo sikuwepo Mwanza, lakini walionifundisha kazi walikuwa wametoka humo humo. Mikono yangu imeshika mabomu, roketi, mikanda ya risasi za mizinga na makombora kwa miaka mingi, na kazi ile niliipenda.

Ndege iliyokuja Mwanza mwishoni mwa Machi 1979 ilikuwa Tupolev Tu-22, ya Kirusi. Ni ndege ndefu, zaidi ya mita 40, injini mbili zimepachikwa juu mkiani, ubavuni mwa pezi la wima. Inakimbia kuliko sauti. Watu watatu ndani, na viti vyao vya kujiokolea vilikuwa vinarushwa kuelekea chini, kwa hiyo ndege ikipata hitilafu karibu na ardhi wale watu hawana pa kutokea. Mkiani ilikuwa na mzinga mmoja wa milimita 23 wa kujilinda na anayeifuata nyuma. Tumboni ilikuwa na uwezo wa kubeba mabomu mpaka tani 9. Libya ilikuwa imeuziwa ndege hizi na Warusi, na Gaddafi akaituma hiyo kumsaidia Amin, ili kumtisha Mwalimu aondoe majeshi yetu Uganda. Mwalimu hakuondoa hata askari mmoja.

Sasa ilikosaje? Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu watu wengi wanadhani bomu linadondoka kama embe, chini ya tawi lake. Bomu likiachiwa bado lina mwendo wote wa ndege. Chukua ndege iliyo mita 6,000 juu, inakwenda kilomita 900 kwa saa. Tuuache kwanza ukinzani wa hewa. Bomu litachukua kama sekunde 35 kufika chini, na katika sekunde hizo litakuwa linasonga mbele mita 250 kila sekunde. Maana yake aliyelenga matangi yako ya mafuta anatakiwa aachie karibu kilomita 9 kabla ya kuyafikia. Ni kama ndege iwe juu ya uwanja wa ndege wa Mwanza, na shabaha iwe huku mjini. Akichelewa nusu sekunde tu kubonyeza, ameshakosa kwa mita 125. Ongeza upepo wa ziwa, ambao huku juu unavuma hivi na kule chini unavuma vile. Ongeza hofu ya mtu aliye katika nchi asiyoijua. Saanane iko hapo hapo mbele ya mji. Kukosa matangi na kuangukia kisiwani ni kosa la sekunde chache.

Wanyama wale walikuwa wamekusanywa pale tangu miaka ya 1960, wakati kisiwa kilipofanywa bustani ya wanyama. Swala na ndege walikufa. Nikiwaza kwamba mzigo ule ungeweza kuangukia Kirumba, mwili unanisisimka mpaka leo.

Kuna jambo lingine linalonigusa kila nikilikumbuka. Bomu la kwanza duniani kuangushwa kutoka kwenye ndege yenye injini na mabawa liliangushwa Libya hiyo hiyo. Ilikuwa 1 Novemba 1911, Waitalia wakipigana na Waturuki. Luteni mmoja aitwaye Giulio Gavotti alipaa na mabomu manne madogo ya ukubwa wa chungwa, akaenda Ain Zara na Tagiura, karibu na Tripoli. Viwashio alivitenga mbali na mabomu. Alipofika alishika usukani kwa mkono mmoja, akakaza kiwashio kwa mkono wa pili, akatupa nje. Wale watu wa Tripoli walikuwa wa kwanza duniani kuangalia juu kwa hofu ya namna hiyo. Miaka 68 baadaye watu wa Mwanza wakaangalia juu, na aliyekuja ametoka Libya.

Lete picha ya chuma chako, hasa upande ule mnene.

MamaKashai

Shikamoo fundi. Umenirudisha mbali sana. Mimi ni wa Bukoba, nilikuwa darasa la nne Oktoba 1978 ndege za Amin zilipokuja. Hazikuvunja mengi, lakini vioo vilipasuka kwa mtikisiko na mji mzima ukakimbia. Mama yangu alitufundisha kulala kifudifudi kwenye mtaro wa shamba la migomba, mdomo wazi, mikono masikioni. Hadi leo ndege ikipita chini chini naacha ninachofanya.

Nina swali langu. Tulisikia ndege za Amin zilishindwa kuvunja daraja la Kyaka, mpaka likaja kuvunjwa kwa baruti. Daraja haliendi popote. Ndege za kisasa kama MiG zilishindwaje kulipiga?

Fundi_Silaha_Mstaafu

Marahaba mama, na pole kwa mtaro ule. Mama yako alikuwa sahihi kuhusu mdomo wazi, unapunguza madhara ya mgandamizo masikioni.

Ulichosikia ni kweli. Walipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978 walitaka daraja la Kyaka liondoke ili jeshi letu lisivuke kurudi. Ndege zilijaribu, zikakosa. Tarehe 3 Novemba akaletwa mtaalamu wa baruti kutoka migodi ya Kilembe, akazifunga baruti kwenye daraja lenyewe, likaanguka.

Daraja ukiliona kwa miguu ni kubwa. Ukiwa angani ni uzi. Urefu wake haukusaidii, kwa sababu bomu likipita pembeni mita tano limeangukia mtoni, na maji yanameza nguvu yake. Hata likipiga sakafu, linatoboa shimo ambalo mafundi wanaliziba kwa mbao usiku mmoja. Kinachoangusha daraja ni kugonga nguzo au kiungo chake.

Wamarekani, pamoja na mali zao zote, waliteseka na daraja moja Vietnam Kaskazini, la Thanh Hoa, ambalo wenyeji waliliita Taya la Joka. Tarehe 3 Aprili 1965 walilishambulia kwa ndege 79, mabomu na makombora madogo ya kuongozwa na rubani. Liliungua rangi, likabaki limesimama. Walirudi na kurudi kwa miaka, wakapoteza ndege na watu. Mei 1972 wakaja na mabomu yanayofuata mwanga wa leza: ndege moja inamulika mahali panapotakiwa, bomu lina jicho puani na mapezi yanayogeuka, linaufuata ule mwanga mpaka chini. Upande wa magharibi wa daraja ukang'oka. Bomu lenyewe, yaani chuma na baruti yake, ni lile lile la zamani. Wamelivisha kichwa na mkia tu.

Hapo ndipo ninapowaambia vijana wanaohesabu tani: usiniambie ndege inabeba tani ngapi. Niambie inapiga wapi.

MtuWaPwani

Nimekuelewa mzee, na naomba radhi kwa neno langu la springi ya lori. Lakini sasa kama kila kitu kinaongozwa, kwa nini ndege za leo bado zina mizinga ya risasi? Si uzito wa bure? Kombora linafika makumi ya kilomita.

Fundi_Silaha_Mstaafu

Hakuna kosa, kuuliza ni haki yako. Ulivyowaza wewe ndivyo walivyowaza wakubwa wa Marekani miaka ya 1950. Wakaunda Phantom, ndege kubwa, injini mbili, bila mzinga hata mmoja. Makombora tu. Ilipofika Vietnam ikakutana na MiG-17, kijindege cha zamani chenye mzinga mmoja wa milimita 37 na miwili ya milimita 23. Kombora la Sparrow linaongozwa na rada, na kati ya kila kumi zilizorushwa kati ya 1965 na 1968 haikufika moja iliyoangusha ndege. Nyingine hazikuwaka, nyingine zilipotea njia, nyingine zilirushwa karibu mno. MiG ikiwa mita 400 mbele yako na kombora halikubali, huna tena silaha. Kwanza wakafunga mzinga kwenye kasha chini ya tumbo, kisha wakatoa Phantom ya aina ya E yenye mzinga ndani ya pua, Vulcan, mitutu sita inayozunguka, milimita 20.

Lakini ujue mzinga nao hauna mengi. F-16 inabeba risasi 511, na Vulcan inatema risasi 6,000 kwa dakika. Piga hesabu: sekunde tano, basi. Rubani anagusa kitufe na kuachia, anagusa na kuachia. Ndege pekee niijuayo ambayo mzinga ndio mwenye nyumba na ndege ni mpangaji ni A-10: mitutu saba, milimita 30, risasi 1,174, kazi yake vifaru. F-6 za Kichina tulizokuwa nazo sisi zilikuwa na mizinga mitatu ya milimita 30, mmoja chini ya pua na mmoja katika kila shina la bawa. Zikifyatua zote tatu, fundi aliye chini anausikia mlio kifuani, siyo masikioni.

Kombora nalo lina historia ambayo mwalimu wangu aliisimulia huku ameshika lenyewe mkononi. Septemba 1958, juu ya mlango wa bahari wa Taiwan, Sidewinder ya Kimarekani ilimpiga MiG-17 wa Kichina na haikulipuka. Ikabaki imechomeka mwilini. Rubani akarudi nayo nyumbani. Warusi wakaifungua, wakainakili, wakaiita K-13, na hiyo ndiyo ikavalishwa MiG-21. Kombora lenyewe linafuata joto la injini. Puani lina jicho la kioo, na kazi yetu ya asubuhi ilikuwa kuangalia kifuniko cha jicho kimekaa, kwa sababu vumbi la uwanja likikwangua kioo umelipofusha. Kwenye ncha za mapezi ya nyuma kuna vigurudumu vidogo vyenye meno, kila pezi na chake. Upepo unavizungusha kwa kasi, navyo vinalizuia kombora lisijiviringishe. Tulikuwa tunakizungusha kila kimoja kwa kidole, tunasikiliza. Kikikwaruza kinatolewa.

Niwaambie na moja lililonitokea mwenyewe. Silaha ikishafungwa chini ya bawa, bomu linaning'inia kwa masikio yake mawili ya mgongoni, na kila silaha ina pini ya usalama yenye kitambaa kirefu chekundu. Ndege ikiwa tayari kuondoka, fundi anazichomoa zote, anasimama mbele ambapo rubani anamwona, anavinyanyua vitambaa juu na kuvihesabu. Siku moja nilinyanyua sita. Zilitakiwa saba. Rubani alikuwa ameshafunga kofia, injini zinaunguruma, na mkubwa wa zamu ananipungia mkono niondoke. Nilikataa. Nilipishanisha mikono juu ya kichwa, alama ya simama, nikabaki mbele ya pua ya ndege. Injini zikazimwa. Tulipiga magoti kila mtu upande wake tukitafuta. Pini ya saba tuliikuta mahali pake, kwenye bomu, kitambaa kimekatika na kupeperushwa na upepo wa injini. Bomu lile lingeangushwa likiwa halijaamka, likalala porini likimsubiri mchungaji. Nilikemewa kwa kuchelewesha ndege. Yule rubani alikuja jioni akanishika mkono bila kusema neno.

Kirumba_Kwetu

Shikamoo mzee wangu. Nimekaa kimya kwa sababu nilifuata maagizo yako. Nilikitoa nje saa sita mchana, nikakigeuza pande zote. Hakuna nta wala kitu kilichoganda, ni chuma na kutu tu. Nikakiosha kwa maji ya sabuni na mswaki wa zamani, taratibu. Upande wa ndani ni mbaya, umejaa vijishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Kingo hazikukatika wima, zimelala mshazari. Na kwenye ule upande mnene, baada ya kutu kutoka, nimeona mistari. Ni mistari minne iliyopinda, inakwenda sambamba, kama ile ya mdomo wa chupa inapokazwa kifuniko. Mama ameishi nacho zaidi ya miaka arobaini na hakuwahi kuiona. Picha nimeweka, samahani simu yangu haina kamera nzuri.

Fundi_Silaha_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Nimeitazama picha yako mara nyingi, nikamwita na mjukuu anikuzie.

Springi ya lori haina mistari ile. Bomba la maji lina mistari, lakini halina unene ule, na halichaniki mshazari. Chuma kikikatwa na mlipuko kutoka ndani kwanza kinavimba, kinanyooka, halafu kinachanika kwa pembe, ndiyo maana kingo zako zimelala. Vile vijishimo vya ndani ni alama ya moto uliokuwa umegusana nacho. Na hiyo mistari minne ni uzi wa skrubu. Ni sehemu ya mdomo ambamo kiwashio hukazwa. Mahali hapo huwa pananenepeshwa ili pashike, kwa hiyo unene wa upande mmoja nao una sababu. Usihangaike kupima mviringo wake ili ujue ukubwa wa silaha nzima. Kimeshanyooshwa na mlipuko, kitakudanganya.

Kabla ya ile ndege kupaa kuna fundi alikaza kiwashio kwenye uzi huo kwa mikono yake, kama nilivyokuwa nakaza mimi. Anakaza mpaka mwisho, anarudi robo, anakaza tena. Nimeshindwa kulala nikimfikiria.

Babu yako hakuwapa hadithi. Kipake mafuta mepesi kisiendelee kuliwa na kutu. Kipigie picha karibu na rula. Halafu mkalishe mama, uandike kwa mkono wako yote anayoyakumbuka: siku, saa, vishindo vingapi, babu alirudi lini na mtumbwi. Hata habari ya kuku, iandike.

MamaKashai

Fundi, Mungu akupe umri. Kirumba, mwambie mama yako kuna mwenzake Bukoba aliyelala mtaroni, anamsalimu sana.

Kirumba_Kwetu

Salamu zimefika mama. Ameshika simu akasoma mwenyewe, kisha akaomba kalamu. Anasema vishindo vilikuwa zaidi ya kimoja, na kwamba babu alichelewa kwenda ziwani siku tatu kwa sababu watu waliogopa maji. Chuma amekihamishia juu ya kabati, pembeni ya picha ya babu. Mlango wa jikoni tumeuwekea jiwe.